Picha Kumi na Mbili za Kulastara

Kokushubila alikuwa amebakiwa na siku tisa za kujaribu bure, na bado hakuwa amechagua programu.

Programu yake ya zamani ya kuhariri picha, aliyoizoea kwa miaka kumi na mmoja, ilikufa mwezi uliopita. Waliokuwa wakiitengeneza walituma ujumbe wa mistari miwili wa kuwashukuru wateja, na asubuhi iliyofuata haikufunguka tena. Kwa watu wengi wa Bukoba habari hiyo haikuwa na maana yoyote. Nani alihariri picha siku hizo? Watu walivaa miwani, miwani iliona walichokiona, na jioni iliwaletea picha zilizokwisha kupambwa, kila mtu amefumbua macho na kutabasamu. Lakini Kokushubila alikuwa mwanachama wa Chama cha Wapiga Picha kwa Mkono. Walikuwa watu kumi na wanne wenye kamera nzito za kushika, zenye kitufe cha kubonyeza kwa kidole, na kwao kuchagua programu lilikuwa jambo zito kama kuchagua mchumba.

Alikuwa na miaka hamsini na mbili. Siku za kazi alitengeneza meno ya bandia katika karakana ndogo nyuma ya kliniki ya meno, akichonga na kupaka rangi mpaka jino lifanane na jirani yake. Siku za mapumziko alipiga picha za ndege.

Ya kwanza kuijaribu iliitwa Nakshi. Ilikuwa na sauti tamu ya kike na maoni mengi. Aliipa picha ya mbuzi wa jirani amesimama juu ya rundo la matofali. Nakshi ikaondoa matofali, ikapanda maua, kisha ikauliza kama angependa mbuzi aitazame kamera.

"Nani alikwambia nataka harusi ya mbuzi?" alisema Kokushubila, akaifuta siku hiyohiyo.

Ya pili, Timamu, ndiyo iliyomteka moyo. Wiki moja kabla alikuwa amempiga picha mdiria akipiga mbizi, lakini alichelewa kidogo, na bawa la kushoto likakatwa na ukingo wa picha. Timamu ilimuuliza neno moja tu: "Nikamilishe?" Akajibu ndiyo, na ukingo wa picha ukasogea. Bawa likajitokeza unyoya kwa unyoya, matone ya maji yakining'inia kwenye ncha. Kokushubila alipiga makofi peke yake sebuleni kama mtoto.

"Imejuaje?" alimuuliza binti yake, Asimwe, aliyekuwa mtangazaji wa redio ya mji na aliyeishi naye.

"Imeshaona midiria sijui milioni ngapi, Mama. Inajua bawa la kulia likikaa hivi, la kushoto linakaa vile. Inasoma picha yenyewe, inasoma mahali ulipokuwa, inasoma mpaka maneno unayoandika pembeni. Halafu inamalizia."

Ya tatu alipendekezewa na katibu wa chama, Mwalimu Ishengoma, aliyefundisha fizikia mpaka alipostaafu. Iliitwa Mchujo. Iliandikwa na watu wa kujitolea, haikuwa na sauti, na ilipofunguliwa ilijaza kioo kizima kwa vipimo sitini na kimoja vya kusogeza kushoto na kulia, kila kimoja na jina lisiloeleweka.

"Mwalimu, hii ni programu ya kuendesha ndege au ya kuhariri picha?" aliuliza kwenye simu.

"Vumilia, Koku. Mchujo haiongezi kitu. Inafanya kazi na mwanga ulioingia kwenye kamera yako, basi."

Alivumilia dakika kumi, akaifunga. Moyoni alikuwa ameshaichagua Timamu. Alibakiza kuthibitisha tu.

*

Jumamosi asubuhi, jua likiwa bado halijapanda, alikwenda bonde la Kanyabugoro kuliaga.

Bonde lile la mafunjo lilikuwa kilomita nane kutoka mjini, na Jumatatu makatapila yangeingia. Kampuni ya Ghala Anga ilitaka kulijaza udongo na kujenga ghala la kumbukumbu. Picha zote ambazo miwani ya watu ilipiga kila siku zilihitaji mahali pa kukaa, na mashine za kuzitunza zilihitaji maji ya kuzipoza. Wanawake wa kijiji cha jirani waliotegemea chemchemi ya bonde walipinga. Vijana waliotaka ajira walikubali. Kibali kilitoka. Uzio ulikuwa umekamilika pande zote isipokuwa upenyo mmoja karibu na chemchemi, na huo nao mafundi walisema ungefungwa ifikapo mchana.

Kokushubila alipita kwenye upenyo, akaingia majini na buti zake za mpira mpaka magotini. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mafunjo ya hatua ishirini mbele yalionekana kama ukuta. Akasimama, akasikiliza.

Kitu kikainuka mbele yake.

Kilikuwa kirefu, cha kijivu, chenye shingo iliyojikunja na kujikunjua. Alibonyeza kitufe bila kufikiri, akakishikilia, na kamera ikalia tatata kwa sekunde mbili. Kisha ukungu ukajifunga, na hakuna kilichobaki ila maji yakitikisika.

Alirudi nyumbani haraka. Picha zilikuwa kumi na mbili, zote za kijivu, zote zimejaa chenga. Alichagua moja iliyokuwa na nafuu, akaiweka kwenye Timamu, na pembeni akaandika: *Kanyabugoro, ndege mkubwa, labda adimu.*

"Nikamilishe?"

"Kamilisha," alisema.

Ukungu ukapukutika kwenye picha kama unga. Shingo ikatoka, mdomo mrefu ukatoka, jicho la njano likatoka likiwa kali na hai. Na kwenye shingo ile, chini kidogo ya kichwa, ukajitokeza mkufu wa manyoya mekundu wenye nyuzi tatu.

Kokushubila alimjua. Kila mwanachama wa chama alimjua kutoka kwenye mchoro wa kitabu cha zamani. Kulastara shanga, ndege wa mabwawani wa jamii ya korongo. Hakuna mtu aliyemwona kwa miaka arobaini na mmoja.

"Asimwe!" Sauti ilitoka kubwa mpaka kuku wa jirani wakatimka. "Asimwe, njoo! Njoo hapa!"

Asimwe alitoka mbio, kitenge kifuani, mswaki mdomoni. Akatazama. Akautoa mswaki.

"Mama, huyu si ndiye…"

"Ndiye!"

Walikumbatiana, wakarukaruka, wakaangusha kiti. Asimwe alipiga simu kwa Mwalimu Ishengoma, wakamsikia akicheka na kulia kwa pamoja. Kwa sababu wote watatu walijua sheria. Mahali anapoishi kiumbe aliyeandikwa kwenye Daftari la Viumbe Adimu hapaguswi, hata pawe na kibali cha nani.

Asimwe aliituma picha kwenye ofisi ya Daftari, Dodoma, yeye mwenyewe. Saa nane mchana jibu lilikuwa limeshafika: zuio la muda mpaka Jumatano saa sita mchana. Afisa angekuja Jumanne kuthibitisha. Asimwe alisoma habari hiyo redioni kwa sauti iliyomponyoka kwa furaha, na jioni wanawake wa kijiji cha chemchemi walifika na mkungu wa ndizi na vigelegele. Hawakumruhusu Kokushubila kusimama kuwapikia hata chai. Mmoja wao, mama mnene mwenye sauti nzito, alimshika mkono wa kulia na kuutazama.

"Kwa kidole hiki hiki?" aliuliza.

"Hiki hiki."

Wakapiga vigelegele upya.

*

Jumatatu, baada ya kutoka karakanani, aliketi kuandaa karatasi za afisa. Fomu ilikuwa fupi. *Natamka kwamba picha hii inaonyesha nilichokiona kwa macho yangu*, kisha nafasi ya sahihi. Haikuomba picha ghafi, yaani ule mwanga kama ulivyoingia kwenye kamera kabla ya programu kuugusa, kwa sababu miwani ya watu haikuwa ikihifadhi picha ghafi tena.

Akawaza, kwa nini nimpe moja na ninazo kumi na mbili? Akaiingiza ya pili kwenye Timamu. Nikamilishe? Kamilisha. Kulastara akatokea tena, mzuri vilevile, kichwa kimegeuka kidogo.

Kokushubila alikuwa karibu kutabasamu aliposita. Kazi yake ilikuwa kutazama vitu vidogo vinavyokaa mdomoni mwa watu na kuona tofauti wasiyoiona wengine. Akasogeza uso karibu na kioo.

Mkufu ulikuwa na nyuzi mbili.

Akarudi kwenye picha ya kwanza, akahesabu. Tatu. Ndege yuleyule, sehemu ndogo ya sekunde baadaye. Akaingiza ya tatu: nyuzi tatu, lakini moja imekatika katikati. Ya nne: mbili.

"Timamu," alisema polepole, "huu mkufu umeutoa wapi?"

"Nimeukamilisha kwa kuzingatia umbo, mahali na maelezo yako," ilijibu programu kwa upole. "Je, ungependa picha zote ziwe na nyuzi tatu?"

Kokushubila alifungua maelezo ya picha ya kwanza, akafuta jina la Kanyabugoro, akaandika jina la mtaa mmoja wa Dodoma. Akafuta *labda adimu*, akaandika *kulastara wa kawaida*. Akaagiza ikamilishwe upya.

Ukungu ukapukutika. Ndege akatokea, jicho kali, mdomo mrefu. Shingo ilikuwa kijivu tupu. Hakuwa na mkufu.

Kokushubila alikaa akimtazama yule ndege wa pili mpaka chai yake ikapoa. Kisha akafungua picha ghafi, akaikuza kadiri ilivyoweza kukuzwa. Chenga. Kijivu juu ya kijivu. Wekundu haukuwapo popote, hata nukta moja.

*

"Labda yupo kweli," alisema Mwalimu Ishengoma Jumanne asubuhi. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi, kofia mapajani. "Hilo lazima tulikubali. Kulastara uliyemwona anaweza kuwa yeye."

"Anaweza."

"Basi tamko si uongo moja kwa moja."

"Mwalimu, fomu inauliza nilichokiona. Niliona kitu kirefu kwa sekunde mbili. Mkufu niliuona hapa sebuleni."

Asimwe alikuwa amesimama mlangoni, tayari amevaa nguo za kazini. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nimetangaza, Mama. Mji mzima umesikia. Unajua kitakachotokea? Kesho saa sita zuio linaisha, makatapila yanaingia, na wale akina mama wanabaki kununua maji ya kuletwa. Kwa ajili ya nyuzi za shingoni?"

"Najua."

"Halafu wewe mwenyewe unatengeneza meno ya bandia! Kila siku! Watu wanacheka nayo, wanapiga nayo picha, na hujawahi kukosa usingizi."

Mwalimu aliinamisha kichwa. Kokushubila aliona swali lilikuwa la haki.

"Mwenye meno yangu anajua ni ya bandia," alisema. "Usiku anayavua, anayaweka kwenye glasi. Huyu afisa wa Dodoma nitampa la bandia, halafu nitamwambia ni jino la kweli."

Asimwe alitazama saa yake. Lakini hakuondoka.

Dokta Subilaga Mwakyoma, yule afisa wa Dodoma, alifika saa nne, moja kwa moja kutoka stesheni, mwanamke wa makamo mwenye begi la mgongoni na viatu vya matope vya kweli. "Shikamoo, Mama Asimwe," alisema, na kabla hajaketi alikuwa ameshatoa bahasha. Ndani yake mlikuwa na picha ya Timamu aliyoichapisha kwa ukubwa wa gazeti. "Samahani, siwezi kujizuia. Nimemtafuta ndege huyu tangu nikiwa mwanafunzi. Jumamosi nilipoiona nilimwamsha mume wangu aliyekuwa amejilaza, nikamwambia, amka, yupo, yupo hai."

Alikuwa akicheka. Aliisogeza ile fomu mezani, akaweka kalamu juu yake.

Kokushubila aliishika kalamu. Aliandika K, akaandika o. Mkono ukakataa kuendelea. Akaiweka chini.

"Dokta, huo mkufu haukuwepo kwenye kamera yangu."

Alieleza yote: nyuzi tatu na nyuzi mbili, jina la Dodoma, shingo iliyobaki tupu. Kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa Dokta Subilaga ulivyozimika, na hilo lilimuuma Kokushubila kuliko kama angetukanwa. Mwisho alisukuma fomu upande wa pili wa meza.

"Nisamehe. Ningejua mapema ningekuambia mapema."

Dokta aliikunja ile picha kubwa mara mbili, polepole.

"Unajua ni matamko mangapi nimepokea mwaka huu?" aliuliza. "Mia mbili na kitu. Hakuna aliyewahi kuniambia hivi." Kisha akainua kichwa. "Umesema kamera yako. Kamera ya kushika? Una picha ghafi?"

"Ninazo. Kumi na mbili."

"Kumi na mbili?" Alisimama. "Za ndege mmoja, mahali pamoja?"

"Kwa sekunde mbili."

Dokta alimgeukia Mwalimu Ishengoma kana kwamba yeye ndiye mwenye nyumba. "Mzee, kuna mtu hapa anayejua kutumia Mchujo?"

*

Mwalimu alivaa miwani yake ya kawaida, isiyoona kitu zaidi ya macho yake, akaketi mbele ya vipimo sitini na kimoja kama mpiga kinanda.

"Chenga ni makosa ya kamera," alieleza akiwa anasogeza. "Zinahama. Kwenye picha hii ziko hapa, kwenye ile ziko pale. Kitu cha kweli hakihami, au kikihama kinahama chote. Kwa hiyo tunazipanga kumi na mbili moja juu ya nyingine, tunalinganisha jicho kwa jicho, mguu kwa mguu. Chenga zinafutana zenyewe. Kinachobaki kilikuwepo."

"Na kama hakikuwepo?" aliuliza Asimwe. Alikuwa amepiga simu redioni kusema angechelewa.

"Basi hakibaki."

Mchujo haikuuliza kitu. Ilichukua zaidi ya saa mbili. Kokushubila ndiye aliyelinganisha, maana mkono wake ulizoea kazi ya nusu milimita, na kila alipopatia, Mwalimu alisema "ehee!" kama anayeangalia mpira. Ya tano ilipokaa juu ya ya nne, shingo ilianza kuonekana. Ya nane, mdomo. Ilikuwa picha mbaya, imefifia, hakuna mtu ambaye angeitundika ukutani. Lakini kila walipoongeza moja kitu kile kilisimama imara zaidi, na wote wanne walikuwa wameacha kuketi.

"Shingoni," alinong'ona Dokta. "Nipelekeni shingoni."

Kulikuwa na mkanda. Mwembamba, chini ya kichwa, mweusi kuliko manyoya mengine. Asimwe alimshika mama yake begani. Mwalimu alisogeza kipimo cha wekundu mpaka mwisho wake, akarudisha, akasogeza tena.

"Hakuna wekundu," alisema.

"Ukungu labda?"

"Ukungu hauli rangi moja ukaacha nyingine."

Dokta Subilaga alivuta pumzi. "Vitabu vyote vinasema mwekundu. Ndege pekee aliyehifadhiwa makumbusho ana mkufu mwekundu. Mkanda mweusi unaweza kuwa kivuli. Siwezi kufungua uzio wa watu kwa kivuli."

Nje mtu alikuwa akipasua kuni. Kokushubila hakuwa akitazama shingo tena. Alikuwa ameshuka chini, kwenye miguu ya ndege, mahali ambapo Timamu ilichora nyasi safi zilizonyooka.

"Mwalimu, ongeza mwanga hapa kidogo. Hizi si nyasi."

Mwalimu akaongeza.

Vilikuwa vitu viwili, kama mafurushi ya pamba iliyolowa. Kimoja kilikuwa na mdomo uliofunguka. Na juu yake, kutoka kushoto kwenda kulia, mafunjo yalikuwa yamepindwa na kusukwa pamoja kama upinde wa mlango.

"Makinda," alisema Asimwe. "Mama, ni makinda!"

"Na kiota," alisema Kokushubila. "Kina paa."

Dokta Subilaga alitoa sauti ambayo haikuwa neno. Aliinama mpaka paji la uso likagusa kioo. "Kina paa," alirudia. "Kuna mstari mmoja tu, mmoja, katika maandishi ya mtafiti aliyewaona. *Hujenga kiota na kukiezeka.* Hakuna kulastara mwingine anayeezeka. Hakuna!" Aligeuka, na uso wake ulikuwa umewaka upya. "Hakuna picha hata moja duniani ya makinda wa kulastara shanga. Ndiyo maana Timamu iliwafuta. Haikuwahi kuwaona, ikadhani ni uchafu."

"Inatosha?" aliuliza Mwalimu.

"Kwa kumsajili, hapana. Kwa kunifungulia uzio nikaangalie mwenyewe, inatosha sana." Tayari alikuwa ameshika simu. "Lakini barua ya ruhusa haitatoka kabla ya jioni, na nikifika pale kesho nisimkute, saa sita sina la kufanya. Mnalijua hilo."

Walilijua. Jioni ile Asimwe alisoma redioni taarifa fupi aliyoiandika na kuifuta mara nne. Alisema picha aliyoitangaza Jumamosi ilikamilishwa na programu, kwamba mkufu haukuwa wa kweli, kwamba mama yake ndiye aliyegundua na kusema. Simu za wasikilizaji zilikuja mfululizo. Wengine walimwita Kokushubila mwongo. Mmoja, kijana aliyekuwa akingoja ajira kwenye ghala, alisema asante. Yule mama mnene wa chemchemi aliuliza jambo moja tu, kesho wanaingia bondeni saa ngapi.

*

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya Jumatano, mlinzi wa Ghala Anga alisoma barua ya Dokta mara mbili na kufungua uzio. Wanawake kama thelathini walikuwa wamesimama nje yake, kimya, ndoo zikiwa chini. Asimwe alibaki nao. Mwalimu aliingia hatua chache, akazama mpaka kiunoni, akarudi akicheka na kuwaambia watangulie.

Kokushubila alitangulia, Dokta akifuata. Maji yalikuwa baridi. Ukungu ulikuwa mwepesi kuliko ule wa Jumamosi, na hilo lilimtia hofu, maana sasa angeona vizuri hata kama hakuna kitu. Walipita ile sehemu aliyosimama mara ya kwanza. Hakuna. Wakaenda hatua kumi zaidi, mafunjo yakiwakwaruza mashavuni.

Dokta alimgusa mgongoni.

Upande wa kushoto, karibu kuliko walivyotarajia, palikuwa na upinde wa mafunjo yaliyosukwa, na chini ya upinde yule ndege, amesimama kwa mguu mmoja, akiwatazama kwa jicho la njano. Makinda wawili walichungulia nyuma ya mguu wake. Jua lilikuwa limeanza kupenya. Ndege akainua shingo, mwanga ukampiga, na Kokushubila akauona mkufu.

Ulikuwa zambarau. Zambarau iliyokolea, karibu nyeusi alipotulia, na alipogeuza kichwa ikawaka kama biringanya lililotoka kuoshwa. Nyuzi zilikuwa nne.

"Si mwekundu," alinong'ona Dokta Subilaga. Alikuwa akilia bila kujificha. "Yule wa makumbusho amekaa kwenye droo miaka mia. Amechuja rangi. Mungu wangu, amechuja tu, na sote tumemnakili."

Kokushubila alipiga picha. Alipiga polepole, moja moja, akipumua katikati, na ndege hakuruka. Simu ikatetemeka mfukoni mwake. Aliitoa kwa mkono mmoja, ikiwa bado inatetemeka, akaiweka sikioni.

"Mama?" Sauti ya Asimwe ilikuwa ndogo, na nyuma yake palikuwa kimya kabisa, kimya cha watu thelathini. "Mama, yupo? Akina mama wanauliza. Yukoje?"

Kokushubila alifungua mdomo kumweleza, akamtazama tena ndege, akaona hana neno la kuitosha rangi ile.

"Mwambie mlinzi awafungulie na ninyi," alisema. "Njooni mmoja mmoja, msipige kelele. Njooni mmwone."